Usingizi wa Saa Saba Mchana

Kila mwaka ikifika Agosti, kazi katika ofisi ya Wilfred ilianza kuzorota. Haikuwa ofisi kubwa. Vyumba viwili mtaa wa Katubuka, gari moja la kubebea watu na saruji, mafundi sanifu wawili wa kupima viwanja na vibarua wanne. Kiangazi kikikaza, vumbi la barabara ya Kasulu linaingia mpaka kwenye meno, moshi wa majani yanayochomwa milimani unaficha ng'ambo ya ziwa, na watu wanaanza kutafuta sababu. Huyu ana msiba Uvinza, yule tumbo linamsumbua, na hata waliofika kazini wanamaliza nusu siku wakitafuta kivuli.

Mwaka huu Wilfred alikuwa na viwanja mia sita vya kupima Kidahwe, na mvua za Oktoba hazimsubiri mtu. Akanunua ubao mweupe, akautundika karibu na mlango, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika Leonia, upande wa pili Yasmini.

"Kila Ijumaa nitaandika hapa kila timu imesimika mawe mangapi ya mpaka," alisema. "Atakayeongoza mpaka mwisho wa Septemba ndiye atakayesimamia kazi ya Kalinzi."

Moyoni Leonia alikuwa ameshafika Kalinzi. Ndiko alikozaliwa, huko juu kwenye migomba na kahawa. Wako wazee wa kule waliomwambia baba yake kwamba binti hasomeshwi upimaji, atachokea njiani. Baadhi yao walikuwa hai bado. Akilini aliwaona wakitazama gari likisimama, naye anashuka na mashine ya kupimia begani.

Tena alikuwa na kila sababu ya kujiamini. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, na kumi na minne kati ya hiyo aliipitisha porini na Wilfred. Alipoanza, vibarua walikuwa wakisubiri achoke. Akikaa chini mara moja tu, wanatazamana. Kwa hiyo akaacha kukaa. Akajifunza kula muhogo wa kuchemsha huku amesimama, na kunywa maji kidogo ili asihangaike kutafuta kichaka mbele ya wanaume. Mimba ya mwanawe Diana aliibeba pamoja na mashine mpaka mwezi wa nane. Watu wakaanza kusema, "Yule mama hapumziki," na maneno hayo aliyapenda kuliko cheti alichotoka nacho chuoni Tabora.

Kisha Februari akaja Yasmini. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mtoto wa Ujiji, wa familia iliyovuka ziwa kutoka Kongo siku nyingi. Siku ya kwanza alimwamkia Leonia mbele ya watu wote, "Shikamoo mama." Ilikuwa shikamoo ya adabu kabisa. Hata hivyo Leonia alipoitikia marahaba alijihisi kama aliyesukumwa nyuma kwenye foleni.

Ijumaa ya kwanza ubao ulisema Leonia mawe hamsini na mawili, Yasmini sitini na saba.

"Eneo lake ni tambarare," Leonia alimwambia mumewe Antoni jioni ile.

Antoni alikuwa mwalimu, mtu wa maneno machache. Alikuwa akisahihisha madaftari. "Si uliniambia wewe ndiye uliyechagua eneo?"

"Nilichagua upande wenye kivuli kwa ajili ya vibarua."

"Basi sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu, mama Diana," Antoni alisema, akafungua daftari jingine.

Ijumaa ya pili pengo likawa kubwa zaidi. Leonia alianza kumtazama Yasmini kwa jicho ambalo hajawahi kumtazamia mtu. Alihesabu mambo madogo. Yasmini ana kofia pana ya ukili, yeye ana kitambaa kilichopauka. Kibarua wa Yasmini, Christian, mkazi wa Kidahwe palepale, anacheka akiwa kazini, na vibarua wa Leonia hawacheki. Wilfred akipita anasimama upande wa Yasmini dakika kumi, upande wa Leonia anapunga mkono kutoka kwenye gari. Zamani mkono ule aliuona kama heshima, kwamba yeye hahitaji kuangaliwa. Sasa aliuona kama kusahauliwa.

Jumanne ya wiki ya tatu nyundo yao ilivunjika mpini. Leonia akavuka barabara kwenda kuazima upande wa pili. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limekaa utosini, na nyasi zilizokauka zilivunjika chini ya buti kama mkaa.

Aliikuta mashine ya Yasmini imefungwa kwenye kisanduku chake. Christian hakuwepo. Chini ya mti wa mjohoro palikuwa na dumu la maji ya kutawadhia na mkeka, na juu ya mkeka Yasmini amelala. Amelala hasa. Viatu amevua, mtandio amejifunika kifuani, mkono mmoja ameuweka chini ya shavu, mdomo umefunguka kidogo. Pumzi inaingia na kutoka bila haraka. Watu wawili walipita njiani na majembe, wakatazama, wakaendelea na safari yao, na hakuna lililotokea.

Leonia alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alichokihisi kwanza kilikuwa furaha, ile ya kumfuma mtu. Akatoa simu, akapiga picha. Lakini wakati anaiangalia picha kwenye kioo, furaha ile ilikatika. Mwanamke huyu analala mbele ya wanaume na anaamka bado ni fundi. Nani amempa ruhusa hiyo? Yeye, Leonia, miaka kumi na minne hakupewa na mtu.

Akamtumia Wilfred ile picha, na chini yake akaandika: "Saa saba mchana. Timu ya pili."

Jibu lilikuja baada ya saa nzima. "Nimeona." Basi.

Alisubiri Yasmini aitwe ofisini. Hakuitwa. Jumatano asubuhi gari la ofisi lilipofika Kidahwe saa mbili na nusu, Yasmini alikuwa tayari yuko kazini kama kawaida yake, kwa kuwa alikuja kwa pikipiki ya kaka yake, na Leonia hakuwahi kujiuliza anafika saa ngapi. Saa saba alivuka tena barabara bila kisingizio chochote, akachungulia. Amelala.

Ndipo Leonia alipoamua kwamba kama ofisi haioni, basi ubao utaona.

Kuna jambo ambalo kila mpima ardhi analijua, na Leonia alilijua kabla Yasmini hajajua kusoma. Mchana wa kiangazi ardhi inapotokota, hewa inatetemeka. Ukitazama kwenye lenzi, fimbo aliyoishika mwenzako umbali wa mita mia tatu inacheza kama mwanzi ndani ya maji. Ukisoma kipimo wakati huo, umesoma ngoma. Ndiyo maana miaka yote saa za mchana Leonia alizitumia kuchimba mashimo, kusimika mawe na kujaza kitabu, akiwa amesimama ndiyo, lakini mashine imefunikwa. Vipimo alichukua asubuhi na jioni.

Alhamisi ile saa saba hakuifunika mashine.

Aliyeshika fimbo alikuwa mzee Martini, mtu wa miaka hamsini na sita, aliyefanya kazi na Leonia tangu mwanzo. Alipoona anaitwa asogee kwenye kona inayofuata, alirudi mpaka kwenye mashine badala ya kwenda.

"Mama Diana, saa hii?"

"Saa hii, mzee wangu."

"Huko kwenye kioo panatulia?"

"Panatosha."

Mzee Martini alimtazama, akatazama jua, akaiweka fimbo begani. "Haya," alisema.

Wakafanya hivyo Alhamisi, wakafanya Ijumaa, na Ijumaa jioni Wilfred aliandika kwenye ubao: Leonia themanini na tisa, Yasmini sabini na moja. Vibarua wakapiga makofi. Yasmini naye akapiga, akaja mpaka alipo Leonia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera, mama Diana. Kweli wewe si wa kufukuzana naye."

Leonia alitafuta kejeli katika uso ule, hakuiona. Angeiona ingemsaidia. Usiku huo alikula vizuri lakini hakulala, na alipogeuka kitandani kwa mara ya kumi Antoni aliuliza gizani, "Umeshinda, sasa nini tena?" Alikuwa anafikiria ule mkono chini ya shavu.

Wiki ya nne aliongeza. Saa sita mpaka saa tisa mashine haikuguswa na kitambaa. Akiona fimbo inacheza alikuwa anasubiri itulie kidogo, anasoma harakaharaka, anaandika. Alijiambia ni sentimita tatu, nne, nani atakufa. Alikuwa anapima huku sikio liko ng'ambo ya barabara, kwenye ule ukimya wa mtu aliyelala.

Jumatano, saa nane kasoro, aliinamia lenzi na fimbo haikuwepo. Aliinua kichwa. Mzee Martini alikuwa amekaa chini katikati ya nyasi, fimbo imelala kando yake. Leonia alikimbia. Alimkuta ametoa macho, jasho limekauka usoni, ngozi ya moto kama sufuria.

"Mwakeye," mzee alisema kwa Kiha, akamsalimia kana kwamba ni asubuhi na wamekutana njiani.

Leonia alipiga kelele kuita vibarua wengine. Aliyefika wa kwanza alikuwa Yasmini, peku, mtandio mkononi, dumu la maji mkono wa pili. Aliulowesha ule mtandio, akamfunika mzee kichwa na shingo, akamfungua vifungo vya shati. Pamoja wakambeba mpaka chini ya mjohoro, kwenye ule mkeka. Christian akaleta pikipiki, wakampeleka zahanati, mzee katikati ya Christian na Leonia, kichwa chake kimelala begani kwa Leonia njia nzima.

Muuguzi alimtundikia dripu mbili. Alisema ni jua, na kwamba wangechelewa kidogo ingekuwa habari nyingine. Jioni mzee alijua ni siku gani na akaomba ndizi.

"Nisamehe, mzee Martini," Leonia alisema.

"Wewe hukunilazimisha. Nina mdomo."

"Uliutumia. Mimi ndiye sikusikia."

Mzee alifikiri kidogo. "Hilo kweli," alisema.

Kesho yake Wilfred alimwita Leonia ofisini. Alikuwa mbele ya kompyuta. Mpima anaanzia kwenye jiwe linalojulikana, anazunguka eneo, anarudi kwenye jiwe lilelile, na hesabu inatakiwa irudi pale ilipoanzia. Inaitwa kufunga. Vipimo vya Leonia vya wiki ya tatu na ya nne havikufunga. Sehemu nyingine vilipishana kwa upana wa kiganja, sehemu nyingine kwa urefu wa mkono mzima. Mawe arobaini na moja yalikuwa yamesimama mahali pasipo pake, na mtu mmoja alikuwa tayari amefyatua matofali kando ya kona ambayo si yake.

"Mama Diana, miaka kumi na minne," Wilfred alisema. Hakupaza sauti. "Sijawahi kukurudisha kwenye jiwe hata moja."

"Nitayang'oa mwenyewe."

"Najua utayang'oa. Nataka kujua ile picha ulinitumia ya nini."

Leonia alitazama sakafu.

"Nilimuuliza Yasmini siku ileile," Wilfred aliendelea. "Akaniambia anaondoka Ujiji giza bado halijatoka, mwanga ukitosha tu kusoma namba yeye ameshasimamisha mashine. Ninyi mnapofika saa mbili na nusu ana saa mbili za kazi. Mchana analala, saa tisa na nusu anaamka, anakwenda mpaka jua linazama. Mimi nikamwambia aendelee. Ningekwambia na wewe, nikaona nitakufundishaje wewe kazi."

Kalinzi akampa Yasmini. Hakuzunguka, alisema hapohapo, na Leonia akasema sawa, akatoka, akaenda nyuma ya ofisi kwenye tangi la maji akasimama amelishika kama mtu anayetaka kulisukuma.

Ijumaa alimwomba Wilfred ruhusa ya kukaa na mashine nyumbani kwake. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri Antoni alimwitia bodaboda wa jirani kwa simu, akamfungia chai kwenye chupa. Alifika Kidahwe nyota zinafifia, peke yake, kwa kuwa mzee Martini alikuwa bado amepumzishwa. Aling'oa jiwe la kwanza kwa sururu. Jiwe lile alilisimika kwa mikono yake, na saruji ilikuwa nzuri. Ilimchukua nusu saa. Alipokuwa anaanza la pili alisikia pikipiki.

Yasmini alishuka, na nyuma yake Christian na sururu mbili.

"Sikuomba msaada," Leonia alisema.

"Ndiyo, mama Diana."

"Nyie mna kazi yenu."

"Tumemaliza upande wetu Jumamosi." Yasmini aliichukua fimbo iliyokuwa imelala chini. "Niende kona ipi?"

Leonia alitaka kumfukuza. Alitafuta maneno ya kumfukuzia, na wakati anayatafuta mwanga ulizidi kupanda, hewa imetulia kama maji ndani ya mtungi, na kila dakika ilikuwa inapotea.

"Ile yenye mchikichi," alisema.

Kwenye lenzi fimbo ilisimama wima bila kutikisika. Walifanya kazi mpaka saa tano na nusu bila kuongea ila namba.

Mchana walikwenda chini ya mjohoro. Yasmini alitawadha, akasali, akakunja msala. Kisha akautandaza mkeka, akasogea pembeni, akaacha nusu yake wazi. Christian alikuwa amekwenda kwao kula. Leonia alikaa kwenye ncha ya mkeka na buti zake miguuni.

"Ile picha," alisema, "sikukupiga kwa nia njema."

"Nilijua." Yasmini alikuwa anavua viatu. "Bosi alinionyesha. Nikamwomba anitumie, nikampa mama yangu. Ameiweka kwenye simu yake. Anasema nalala vilevile nilivyokuwa nalala nikiwa na miaka mitatu."

Hata hili lilimuuma Leonia. Alishangaa kwamba bado kuna mahali pa kuuma.

"Hukukasirika?"

"Nilikasirika sana. Siku mbili nilikuwa nashindwa kukuamkia vizuri, wewe hukuona tu." Yasmini alivipanga viatu vyake kando ya mkeka. "Nilipokuja kuomba kazi hapa waliniambia kuna mama mmoja humo ndani, mama hapumziki. Nikafurahi. Nikasema angalau nitakuwa na mtu. Halafu nikawa nakuogopa."

Leonia aliangalia barabara. Lori lilipita na vumbi likabaki limesimama hewani.

"Mimi ningelala hapo," alisema, "mwaka ule wa kwanza, wangeniacha hapohapo na kazi yangu ingekuwa imeisha. Wewe unalala na hakuna anayesema. Ukiamka, mashine bado ni yako. Hilo ndilo nililokuonea wivu, Yasmini. Mawe yalikuwa kisingizio tu."

"Wanasema," Yasmini alisema. "Wanasema sana. Mimi nimelala, siwasikii."

Leonia alicheka bila kutaka. Akafungua kamba za buti. Alijilaza chali, mikono imenyooka, macho wazi, akatazama majani ya mjohoro. Kila mtu alipopita njiani mwili wake ulishtuka, ukataka kuinuka. Mwenzake alikuwa ameshalala zamani. Yeye hakupata usingizi siku ile wala siku iliyofuata. Siku ya tatu aliupata kidogo, kama robo saa, na alipoamka mtu aliyekuwa akipita na mbuzi alimwambia, "Habari za kupumzika, mama," akaendelea na mbuzi wake.

Mawe arobaini na moja yalimalizika kwa siku tisa. Mwenye matofali aliyahamisha akinung'unika, na Leonia alimsaidia kubeba. Hesabu ilifunga. Wilfred alifuta ubao, na hakuandika tena majina. Aliandika saa za kuanza na saa za kupumzika, na gari la ofisi likaanza kuondoka Katubuka saa kumi na mbili kasoro. Mzee Martini alirudi kazini na kofia ya ukili aliyonunuliwa na Leonia, akalalamika kwamba inambana.

Yasmini aliondoka kwenda Kalinzi Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, amekaa mbele karibu na dereva, mashine mpya magotini. Leonia alisimama mlangoni na wengine akipunga mkono. Wivu haukuwa umeisha. Gari lilipokata kona aliusikia ukipanda, uleule, anaufahamu sasa kama mtu anavyofahamu goti lake bovu. Akaingia ndani, akafungua faili la Kidahwe, akaanza kuchora.

Saa nne simu iliita. Ilikuwa Yasmini, upepo unavuma kwenye spika.

"Shikamoo mama Diana. Tumefika sokoni, gari haliwezi kupita mbele. Watu wananielekeza vijia vitatu tofauti kufika kule kwenye jiwe la kuanzia. Wewe unapajua?"

Alipajua. Alipapita kila siku kwenda shule. Leonia, kalamu mkononi, aliziona njia zote tatu mbele ya macho yake, na ile ndefu yenye mteremko wa utelezi, ambayo angeweza kumtajia.

"Shika ya katikati," alisema. "Ukifika kwenye mibuni ya mzee Leonardi, kila mtu pale anaijua, acha daraja la miti, limeoza, vuka chini kidogo penye mawe." Akaendelea kumwelekeza taratibu, kona baada ya kona, mpaka Yasmini aliposema ameliona jiwe.